Picha za ndani: Zilikotoka, kwa nini zinapendwa na nani anabaki nazo

MSAFIRI anayetoka Dodoma mjini kwenda Babati hupita katika Wilaya ya Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi na ya kutwa. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, bidhaa, habari na mitindo ya mjini havichelewi tena kuufikia uwanda wa kati.

Mmoja wa mitindo hiyo, unaosafiri kwa simu za mkononi zaidi kuliko kwa mabasi, ni wa mwanamke kuamua kupigwa picha akiwa chumbani, katika mavazi ambayo hawezi kuyavaa sokoni wala stendi. Picha hiyo huwa ni kumbukumbu yake mwenyewe, au zawadi kwa mumewe.

Wazungu huziita picha za namna hii kwa jina la chumba. Neno lenyewe ni boudoir, la Kifaransa, lililotokana na kitenzi chenye maana ya kununa. Katika karne ya 18 nyumba za matajiri wa Ufaransa zilikuwa na chumba kidogo karibu na chumba cha kulala, ambamo bibi mwenye nyumba alijitenga, akajipamba, akasoma barua zake na kupokea marafiki wa karibu. Kwa tafsiri ya neno kwa neno, ni "chumba cha kununia".

Kiswahili hakina haja ya kuazima. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu, chumba kilicho mbali kabisa na baraza na macho ya wageni huitwa "ndani" tu. Mwari naye, pwani hata bara, "huwekwa ndani". Nyumba ya tembe ya Mgogo ilitenganisha sehemu ya mbele na chumba cha ndani cha kulala. Kwa sababu hiyo picha hizi zinaweza kuitwa, bila kukosea, picha za ndani.

Ni vema kuzitofautisha mapema na picha za ngono. Picha ya ndani huombwa na yule yule anayepigwa. Haikusudiwi kuuzwa wala kusambazwa. Mwili ndani yake hudokezwa kuliko kuonyeshwa: bega lililoachwa wazi na khanga, mgongo ulioelekea dirishani, mkono wenye hina juu ya shuka jeupe.

Hata hivyo, kila picha ya ndani ina watu watatu: anayepigwa, anayepiga na anayebaki nayo. Historia ya sanaa hii, kutoka Paris hadi Unguja na Mombasa, kwa sehemu kubwa ni historia ya huyo wa tatu.

Mwanamke aliyejiagizia picha

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, kwa njia iliyovumbuliwa na Louis Daguerre. Haikuchukua muda mrefu kabla ya watu kuelekeza kamera chumbani.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mwanamke wa Kiitaliano, Virginia Oldoini, maarufu kama Countess of Castiglione. Kuanzia mwaka 1856 alikwenda katika studio ya Mayer na Pierson, na kwa miongo kadhaa mpiga picha Pierre-Louis Pierson alimpiga picha zaidi ya 400.

Jambo la kuangaliwa hapa si urembo wake. Yeye ndiye aliyechagua mavazi, mapozi, upande wa kamera na namna picha zilivyopakwa rangi kwa mkono. Alizipa baadhi majina. Baadhi zilionyesha miguu yake mitupu, jambo la fedheha kwa mwanamke wa tabaka lake katika zama zile. Pierson alikuwa fundi, na mwenye wazo alikuwa bibi huyo.

Katika miaka hiyo hiyo ilikuwako biashara nyingine, ya picha za wanawake walio uchi, ambazo polisi wa Paris walizisaka na kuwakamata waliozipiga na kuziuza. Tangu mwanzo, basi, njia mbili zilikwenda sambamba: picha ya mwanamke kwa ajili yake, na picha ya mwanamke kwa ajili ya mnunuzi.

Mfano wa kusikitisha zaidi unatoka Marekani. Karibu na mwaka 1912, mpiga picha E. J. Bellocq aliwapiga picha wanawake waliofanya ukahaba katika mtaa wa Storyville, mjini New Orleans. Wengine walivaa nguo zao nzuri, wengine wamejipumzisha vitandani. Baada ya kifo chake zilipatikana negativu 89 za vioo. Mpiga picha Lee Friedlander alizinunua, akazisafisha upya, na mwaka 1970 zikaonyeshwa katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York.

Katika baadhi ya vioo hivyo, sura ya mwanamke imekwanguliwa hadi haionekani. Aliyeikwangua hajulikani, wala hajulikani alikusudia kuficha nini. Lakini wanawake wale, ambao huenda walikubali kupigwa picha na mtu waliyemfahamu, hawakupata nafasi ya kuulizwa iwapo walikubali kutazamwa na dunia nzima.

Unguja: Kadi zilizovuka bahari

Afrika Mashariki haikuchelewa kuijua kamera. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Unguja ilikuwa na studio za wapiga picha wenye asili ya Goa, wakiwamo A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho. Waliwapiga picha masultani, mabalozi, wafanyabiashara, na pia wanawake wa mjini.

Picha nyingi za wanawake hao ziligeuzwa kuwa postikadi. Mwanamke ameketi juu ya zulia au amejilaza kwenye kochi, amevaa khanga na vito, na chini yake yameandikwa maneno ya kumsifu kuwa ni "mrembo wa Kiswahili" au "mrembo wa Zanzibar". Jina lake halipo. Wasafiri walizinunua, wakabandika stempu na kuzituma Ulaya.

Anayetazama kadi hizo leo huona mapozi ya starehe. Lakini tarehe zinadai tahadhari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa uhalali wake kisheria mwaka 1897. Amri hiyo ya 1897 haikuwagusa masuria. Wao walisubiri hadi mwaka 1909. Mwanahistoria wa sanaa Prita Meier, aliyetoa kitabu juu ya picha za pwani ya Waswahili mwaka 2024, ni miongoni mwa waliokumbusha kuwa wengi wa waliosimamishwa mbele ya kamera hawakuwa na uhuru wa kukataa.

Kwa hiyo kadi hiyo huonekana kama picha ya ndani, lakini sivyo ilivyo. Mwanamke ndiye aliyepigwa. Aliyeitaka, aliyeiuza na aliyebaki nayo ni wengine.

Upo mfano wa kinyume, na ulitoka katika nyumba ya kifalme. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Huko aliingia studio akiwa amevaa mavazi ya kifalme ya kwao, suruali, barakoa ya mapambo na vito, akapigwa picha. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Mwanamke aliyekulia katika nyumba ambamo wanawake hawakuonwa na wageni aliamua mwenyewe aonekane vipi, na picha yake imedumu ikiwa na jina lake.

Mombasa na Lamu: Buibui nyuma ya pazia

Katika karne ya 20 studio zilishuka kutoka kwa wakubwa hadi kwa watu wa kawaida. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, Unguja. Mjini Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh aliendesha studio iliyokimbiliwa na wachumba, marafiki na familia nzima.

Wanawake wa Kiswahili waliingia kwa Parekh wakiwa wamevaa buibui, wakalivua nyuma ya pazia, na kusimama mbele ya taa wakiwa na magauni, nywele zilizotengenezwa na mapozi waliyoyaona katika filamu za Kihindi. Wachumba waliegemeana kama nyota wa sinema. Picha zikisha kusafishwa zilikwenda moja kwa moja katika albamu, na albamu ikawekwa sandukuni.

Lamu nako, Omar Said Bakor, aliyeishi kati ya 1932 na 1993 na kujifunza ufundi mwenyewe, aliziunganisha picha kwa mkasi na gundi. Sura ya mtu ilichomoza kutoka katika ua au umbo jingine. Hakuhitaji kuonyesha mwili ili picha iseme mapenzi.

Siri ya studio hizo haikuwa mashine bali uaminifu. Filamu ilihitaji chumba cha giza, na chumba cha giza kilikuwa na mtu. Huyo aliona kila kitu, na negativu zilibaki katika makasha yake. Mteja alipochagua studio, alikuwa akichagua mtu wa kumwachia siri.

Ndiyo maana hadi leo katika harusi nyingi za pwani, siku ya kupamba, bibi harusi anapoonekana bila ushungi mbele ya wanawake wenzake, anayeshika kamera ni mwanamke, na wageni huombwa waziache simu zao mlangoni. Wanaouliza kwa nini sanaa hii haikuanza na wazungu wanaweza kuanzia hapo.

Uwanda wa kati: Kutoka miamba ya Kolo hadi filamu ya rangi

Watu wa Chemba, yaani Warangi, Wasandawe, Waburunge na majirani zao, wanaishi jirani na mojawapo ya albamu kongwe kabisa barani Afrika. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo Kolo ni lango lake, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Mmoja wa michoro ya Kolo umejadiliwa sana. Watu warefu wembamba wamesimama, na aliye katikati anaonekana kushikwa na walio pembeni yake. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ni mwanamke anayetekwa. Watafiti wengine, wakiilinganisha michoro hiyo na ngoma za uganga za Wasandawe, wameona tukio la kiroho na si utekaji. Picha ni ile ile. Kinachobadilika ni anayeieleza.

Kamera ilipofika bara, ilikuja kwanza na wagunduzi, wamisionari na maofisa wa kikoloni, waliopiga picha watu kama vielelezo vya makabila. Baada ya Uhuru ikawa kamera ya pasipoti, ya cheti na ya ubatizo au harusi: familia imesimama wima, mikono imenyooka, hakuna anayecheka. Picha ilikuwa ghali na ilipigwa kwa sababu maalumu.

Filamu ya rangi ilileta tatizo jingine, ambalo wengi walidhani ni la fundi. Maabara zilipima rangi kwa kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke mweupe, hivyo ngozi nyeusi ilitoka kama kivuli, macho na meno tu yakionekana. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, ameeleza kuwa kampuni ya Kodak ilianza kurekebisha filamu zake baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao hawakuweza kutofautisha rangi za bidhaa zao.

Hili si dogo katika habari ya picha za ndani. Mwanamke mweusi aliyejiona amefifia katika kila picha alikuwa na sababu ya kuamini kwamba kasoro ni yake. Fundi anayejua kazi humweka karibu na dirisha, akatumia pazia jepesi kulainisha mwanga, na kupima mwanga kwa ngozi yenyewe badala ya ukuta.

Kwa nini zinapendwa sasa

Mabadiliko makubwa yalikuwa kuondoka kwa mtu wa chumba cha giza. Dalili ya kwanza ilionekana mwaka 1948, kamera ya Polaroid ilipoanza kuuzwa Marekani: picha ilijisafisha yenyewe mkononi, bila maabara na bila negativu ya kubaki kwa mtu mwingine. Kamera za dijitali, zilizoenea katika miaka ya 2000, zilikamilisha kazi hiyo. Kuanzia hapo picha za ndani zikawa biashara kamili ya studio katika nchi nyingi.

Sababu za kuzitaka ni za kawaida kuliko inavyodhaniwa. Wapo wanaotaka kumbukumbu kabla ya ndoa. Wapo wajawazito. Wapo waliotimiza miaka 40 au 50, na waliotoka katika matibabu ya saratani ya matiti, wanaotaka kujitazama upya bila huruma ya watu.

Katika jamii zenye stara, kama zilivyo nyingi za Chemba, jambo hili halipingani na mafundisho ya wakubwa kama linavyoonekana. Somo anayemfunda mwari humfundisha kujipamba kwa ajili ya nyumba yake, na kwamba cha ndani kibaki ndani. Picha inayofuata masharti hayo mawili inasimama upande wa stara. Ugumu unaanza pale sharti la pili linapovunjwa.

Hatari na sheria

Mtu wa chumba cha giza aliondoka, lakini walioshika nafasi yake ni wengi. Picha moja ya simu inaweza kuwa katika kifaa kilichoipiga, katika akaunti ya mtandaoni inayoihifadhi bila kuulizwa, katika simu ya aliyetumiwa, na katika kompyuta ya fundi wa simu aliyepelekewa kifaa kibovu. Postikadi ya Unguja ilihitaji meli na stempu. Picha ya leo huvuka wilaya kabla chai haijapoa.

Aidha, programu za akili bandia sasa zinaweza kutengeneza picha ya uchi kutokana na picha ya kawaida ya uso. Hivyo hata asiyewahi kupigwa picha ya ndani anaweza kudhalilishwa kwa picha isiyokuwa yake.

Tanzania ina sheria zinazogusa jambo hili. Katiba, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha picha za ngono kwa njia ya kompyuta, na Kanuni za Adhabu zinakataza kusambaza vitu vichafu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya ukusanyaji na matumizi ya taarifa zinazomtambulisha mtu, na kuunda Tume ya kuisimamia.

Kwa anayedhalilishwa, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ushahidi wa kwanza ni ujumbe wenyewe, namba iliyoutuma na tarehe, kwa hiyo haifai kuufuta kwa hasira kabla ya kuuonyesha. Anayepokea picha hiyo katika kundi la WhatsApp na kuisukuma mbele hawezi kujitetea kuwa si yeye aliyeanza.

Maswali kabla ya kuvua khanga

Mambo yafuatayo humsaidia anayekusudia kupigwa picha za ndani kujua kama yuko mikononi mwa fundi au mikononi mwa mtu mwingine.

Kwanza, makubaliano yawe ya maandishi, hata kama ni karatasi moja. Yaseme ni nani atakuwa na picha, zitatumika wapi na zitafutwa lini. Picha ni miongoni mwa kazi zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, hivyo suala la umiliki lisiachwe kwa maneno ya mdomo.

Pili, ruhusa ya kupigwa si ruhusa ya kuonyeshwa. Fundi anayetaka kutumia picha kwa matangazo aombe peke yake, kwa maandishi, baada ya mteja kuziona.

Tatu, mteja ana haki ya kuja na dada, rafiki au somo wake, na kujua kila aliyemo chumbani. Fundi anayekataa hilo ameshajibu swali.

Nne, picha zikabidhiwe mkononi, kwenye albamu au kifaa cha kuhifadhia, na memori kadi ifutwe mteja akiona. Kutumiana kwa makundi ya simu ni kuongeza nakala.

Tano, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hakuna sababu, hata ya kuwa amechumbiwa, inayohalalisha kumpiga picha za namna hii.

Sita, mwenye kutaka zawadi awe ni mwenyewe. Mwanamke anayepigwa picha kwa kushurutishwa na mume au mchumba yuko karibu zaidi na yule wa kwenye postikadi kuliko na Bibi wa Castiglione.

Wanawake wa Storyville walikwanguliwa sura. Warembo wa postikadi walinyimwa majina. Binti wa Seyyid Said, kwa upande wake, aliingia studio kwa miguu yake, akavaa alichotaka na kusaini kitabu chake. Tofauti yao haikuwa katika ubora wa kamera, wala katika kiasi cha nguo. Ilikuwa katika jibu la swali ambalo msichana wa Chemba mwenye simu mkononi anapaswa kuuliza kabla taa haijawashwa: baada ya picha kupigwa, nani anabaki nayo?